Kifaa cha Bluetooth cha kuongelea simu garini bila kuishika: nichague kipi, na je, hatari inaondoka kweli?

Mama Vifaranga (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ninauza vifaranga, chakula cha kuku na chanjo, na kila Jumanne na Ijumaa ninaendesha mwenyewe Toyota Probox kutoka Morogoro hadi Dodoma, nikipitia Dumila, Gairo na Kibaigwa kuwashushia wateja mizigo yao. Safari hiyo ni ya kilomita 260 hivi, na simu huita njia nzima, kwa sababu mfugaji aliyeona kuku wawili wamezubaa tangu asubuhi hawezi kusubiri mpaka nifike. Anataka kujua saa hiyo hiyo kama ni kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka, na afanye nini na wale ambao bado wazima.

Wiki mbili zilizopita, nikikaribia Gairo, nilipokea simu nikaibana kati ya sikio na bega. Nilipokuja kunyoosha shingo, mkokoteni wa punda ulikuwa umeshaingia barabarani, umejaa madumu ya maji, na kijana aliyeuongoza alikuwa amenipa mgongo. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilisimama, lakini boksi la baridi lilipinduka, chupa za chanjo zikatawanyika sakafuni pamoja na barafu, na simu ikaenda kuangukia chini ya pedali. Yule kijana aligeuka, akanitazama, akaendelea na safari yake bila kusema neno. Nilikaa pembeni ya barabara muda mrefu mikono ikinitetemeka, na tangu siku hiyo sijashika simu nikiwa ninaendesha.

Sasa nataka kununua kifaa cha kuongelea bila kushika simu. Madukani nimeonyeshwa kile cha sikioni, spika ndogo inayobanwa kwenye kibao cha kuzuia jua juu ya dereva, kile kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti kwenye redio ya gari, na redio mpya yenye Bluetooth yake. Bei zinapishana mno na kila muuzaji anasifu cha kwake. Redio niliyo nayo ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, na maandishi yake yote ni ya Kijapani. Shemeji yangu anatumia kile cha tundu la kiberiti, lakini akinipigia ninamsikia kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi, na sauti yangu mwenyewe inanirudia masikioni. Naomba ushauri wa waliotumia vifaa hivi. Naomba pia mniambie ukweli: nikishaitoa simu mkononi, je, hatari yenyewe imeondoka?

Fundi wa Redio (Dar es Salaam)

Pole sana, dada, na tumshukuru Mungu wewe na yule kijana mko salama. Kazi yangu ni kufunga redio za magari, kwa hiyo nitajibu zaidi upande wa vifaa.

Huo mtungi unaousikia kwa shemeji yako una sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Kifaa cha tundu la kiberiti hukaa chini karibu na gia, na kipaza sauti chake ni kitundu kidogo kama kichwa cha sindano, hivyo kabla sauti ya dereva haijakifikia, tayari kimeshanasa feni, injini na mngurumo wa matairi kwenye lami. Ya pili ni mwangwi. Sauti yako inatoka kwenye spika za milango, inagonga vioo, inarudi kwenye kile kitundu, kisha inatumwa kwako tena. Kifaa kizuri kina sakiti inayolinganisha sauti iliyotoka kwenye spika na sauti iliyoingia kwenye kipaza sauti, halafu inaiondoa ile ya spika ili ibaki ya dereva peke yake. Kifaa cha bei ya chini hakina uwezo huo wa kutosha, na hata chenye uwezo hupata taabu, kwa kuwa sauti imeshapita kwenye redio ya gari ambayo kifaa hakiitawali. Mwambie shemeji apunguze sauti ya redio na afunge feni anapopokea simu, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa gari lako kipo kikwazo kingine ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Redio za FM za magari ya Japani kwa miaka mingi zimetengenezwa kupokea masafa ya megahezi 76 hadi 90, na zile za karibuni hufika 95, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kifaa cha tundu la kiberiti nacho hurusha kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio yako na kifaa hicho vinakutana kwenye kipande kidogo tu, na kipande hicho ndicho chenye vituo vyenye nguvu. Ukipata nafasi tupu Morogoro mjini, ukifika Kibaigwa au Dodoma huenda nafasi hiyo ina kituo kingine, na katikati ya mazungumzo na mteja wako anaingia mtangazaji wa mpira. Hapo dereva huinama kutafuta nafasi nyingine, na kuinama huko ndiko tunakotaka kukuepusha nako. Kwa safari ndefu kama yako, mimi sikishauri kifaa hicho hata kama bei yake inavutia.

Spika ya kubana juu ya kichwa ni bora zaidi, kwa sababu kipaza sauti kiko karibu na mdomo na spika ni yake yenyewe, kwa hiyo mwangwi unadhibitika. Ubaya wake ni kwamba ina betri, na betri hizo haziipendi joto. Gari likishinda juani mwezi wa kumi na moja pale Dodoma, ndani panakuwa tanuri, na baada ya muda utaona chaji haikai. Ivue uiweke ndani ya mkoba kila unapoegesha.

Ukiwa na uwezo, badilisha redio. Chukua yenye kipaza sauti cha nje, kile chenye waya mrefu na kichwa kidogo, na umwambie fundi akifunge kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva au kwenye ukingo wa paa mbele ya uso wako, akipitisha waya ndani ya plastiki ya nguzo. Asikiweke kwenye dashibodi karibu na matundu ya upepo, maana mteja wako atasikia kimbunga. Kabla hujalipa, oanisha simu yako na redio, yaani ziunganishe kwa Bluetooth, hapo hapo, mpigie mtu gari likiwa limezimwa, kisha mpigie tena gari likiwa barabarani vioo vimefungwa, umuulize anasikiaje. Sauti ya simu tuliyoizoea hubeba masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana herufi s na f hutuchanganya masikioni. Vifaa vya Bluetooth vilivyofuata toleo la 2011 la mfumo wa kuongelea simu vinaweza kubeba karibu mara mbili ya hapo, lakini ni lazima simu na redio vyote viwe na uwezo huo.

Kabla ya yote, hebu mtafute fundi anayezifahamu redio za Kijapani aikague hiyo uliyo nayo. Kule dereva amekatazwa kushika simu tangu mwaka 1999, na baadhi ya redio zilizokuja na magari haya zina Bluetooth tayari, ila mwenye gari hajui kwa kuwa hasomi maandishi yake. Nimewahi kumwonyesha mteja kitu alichokuwa nacho kwa miaka 4 bila kujua.

Binti Mwanga (Moshi)

Naongeza jambo dogo ambalo lilinisumbua sana mimi. Kama simu yako ina laini mbili na umeiacha kwenye mpangilio wa kuuliza kila mara, ukipiga simu kupitia redio ya gari, simu yenyewe itakuletea swali kwenye kioo chake: utumie laini ipi? Hapo itakubidi uishike, na maana yote ya kifaa imepotea. Chagua laini moja ya kupigia kabla hujaondoka.

Na kama wateja wako wanapenda kutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, uliza dukani kama kifaa kinapitisha na muziki, maana ujumbe huo hupita njia ile ile ya muziki. Vipo vya sikioni vya bei nafuu vinavyobeba simu za kawaida peke yake, na ujumbe wa sauti ukiufungua unatokea kwenye simu iliyo ndani ya mkoba.

Mzee wa Malori (Mombasa)

Dada yangu wa Morogoro, nimeendesha malori kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba kwa miaka 22, na sasa nimestaafu, kwa hivyo niruhusu nijibu lile swali lako la mwisho, kwa sababu naona wenzangu wameshughulika na vifaa na hilo limebaki.

Huku Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinaweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Zilipokuja, mwajiri wetu alitununulia kila dereva kifaa cha sikioni, nasi tukafurahi sana tukaona shida imekwisha. Tulipiga soga kutoka Mombasa mpaka Mtito Andei, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani na macho yakiwa mbele.

Siku moja nilitoka Mombasa asubuhi na mzigo wa kontena. Mke wangu akanipigia kuhusu karo ya mtoto wetu wa mwisho, shule ilikuwa imemrudisha nyumbani. Tulizungumza kwa utulivu, hatukugombana, tulikuwa tunapanga tumwombe nani na kiasi gani. Nilipokata simu nikaanza kuangalia ishara za mizani ya Mariakani, kwa sababu kila lori lililobeba mzigo ni lazima lipimwe pale. Niliangalia kwa muda mrefu. Hatimaye nikagundua kwamba Mariakani nilikuwa nimeipita zamani, pamoja na mabango yake, foleni ya malori na askari waliosimama pale, na katika hayo yote sikukumbuka hata moja. Ilinibidi nitafute pa kugeuzia lori na kurudi, na adhabu niliyopata ilikuwa halali yangu.

Kukosa mizani hakukunisumbua kama lile swali lililonijia nikiwa kwenye foleni: kama sikuuona mji mzima, ni watoto wangapi wa shule walivuka mbele yangu asubuhi ile? Macho yangu yalikuwa barabarani, lakini mimi nilikuwa nyumbani, jikoni, nimeketi na mke wangu tukihesabu pesa. Kuanzia siku hiyo kifaa cha sikioni nilikitumia kwa maneno mawili tu: "Naendesha, nitakupigia."

Kwa wenzangu wa malori wanaosoma hapa, angalieni pia volti. Malori yetu mengi ni ya volti 24, na kifaa kilichoandikwa 12 peke yake kikichomekwa huko kitaungua.

Mama Vifaranga

Shikamoo, mzee wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Lakini naomba nieleweshwe: mbona ninaweza kuzungumza na msaidizi wangu akiwa kiti cha pembeni, safari nzima, na sijawahi kupita mji bila kuuona? Tofauti ya mtu wa kwenye simu na mtu wa pembeni ni nini?

Mwalimu wa Saikolojia (Zanzibar)

Swali lako, dada, limefanyiwa utafiti kwa undani, nami nitaeleza ninayofundisha darasani.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Redelmeier na Tibshirani, walichunguza madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu za mkononi na waliopata ajali zisizo za majeruhi. Walilinganisha kumbukumbu za simu zao za dakika za kabla ya ajali na za siku nyingine, wakakuta kwamba hatari ya kupata ajali mtu akiwa kwenye simu ilikuwa karibu mara nne. Waliotumia vifaa vya kuongelea bila kushika hawakuonekana kuwa salama zaidi kuliko walioishika mkononi. Mwaka 2005 utafiti mwingine ulifanywa Perth, Australia, safari hii kwa madereva 456 waliofika hospitali baada ya ajali, na jibu likawa lile lile: mara nne, simu iwe mkononi au isiwe.

Alichokieleza mzee wetu wa Mombasa kina jina katika fani yetu, nasi tunakiita upofu wa kutozingatia. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka watu kwenye chombo cha kuigiza uendeshaji, wakafuatilia mwendo wa macho yao. Waliokuwa wakizungumza kwa simu bila kuishika waliyatazama mabango ya njiani sawasawa, jicho likatua juu yake, lakini baadaye hawakuweza kuyatambua kama wengine walivyoyatambua.

Kuhusu abiria wa pembeni, kundi hilo la Utah lililinganisha mazungumzo ya aina mbili hizo katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008. Abiria anaiona barabara. Lori likijitokeza ananyamaza katikati ya sentensi, njia ikiwa ngumu anapunguza maneno, na mara nyingine yeye ndiye anayesema "angalia punda yule". Mteja wako aliye Kibaigwa haoni punda; anaona kuku wake, na anakuvuta wewe ukawatazame pamoja naye. Ukimweleza dalili za kideri, akili yako inalazimika kuchora banda, kinyesi na shingo iliyopinda, na inachora kwa kutumia nguvu ile ile unayoihitaji kuisoma barabara. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lako linakwenda mita 22 kila sekunde.

Ni haki niseme pia kwamba wapo watafiti wanaoona tofauti. Taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech ya Marekani ilifunga kamera ndani ya magari na malori ya watu katika safari zao za kila siku, na katika ripoti yake ya mwaka 2009 ilikuta kwamba kinachoangamiza hasa ni kuandika ujumbe, ambako kwa madereva wa malori kuliongeza hatari mara 23, na kubonyeza namba; kuzungumza tu hakukuonekana kuwa na uzito wa namna hiyo. Nimezisoma kazi za pande zote mbili. Jambo ambalo hakuna anayelipinga ni kwamba kutoa macho barabarani ndiko kubaya kuliko kote, na kifaa kizuri kinakusaidia katika hilo. Kwa hiyo kinunue. Lakini simu ya kuku mgonjwa, ambayo ni mashauriano ya daktari kwa kweli, usiifanyie kwenye usukani.

Dereva wa Mizigo (Leicester)

Kwa ndugu zetu walio Uingereza, au wanaotarajia kuja kufanya kazi ya udereva: hapa kushika simu ukiendesha ni faini ya pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na tangu Machi 2022 sheria inagusa hata kupiga picha au kuchagua wimbo, hata ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu. Aliyepata leseni ndani ya miaka miwili anapokonywa leseni kwa pointi hizo sita. Kifaa cha Bluetooth kinaruhusiwa, ila polisi akiona umepoteza uangalifu anaweza kukushtaki hata kama hukushika kitu.

Mama Vifaranga

Nimerudi baada ya wiki tatu kuwapa mrejesho, na nawashukuru wote kwa muda wenu.

Redio yangu ilikaguliwa na fundi wa hapa Morogoro, na haikuwa na Bluetooth. Nimefunga mpya, kipaza sauti kiko kwenye nguzo upande wangu, na tulifanya majaribio kama Fundi alivyoelekeza: mdogo wangu alikuwa nyumbani na daftari, mimi nikamsomea oda ya wateja watano gari likiwa barabarani, kisha tukalinganisha. Alikosea moja tu. Laini ya kupigia nimeshaichagua.

Jambo la pili lilikuwa gumu kuliko kufunga redio. Nimewatumia wateja wote ujumbe kwamba siku za safari ninapiga simu mwenyewe nikiwa nimesimama Dumila, Gairo na Kibaigwa, na kwamba nikipokea njiani nitasema neno moja tu kisha nitakata. Wawili walikasirika. Ijumaa iliyopita, karibu na pale pale kwenye mkokoteni, simu iliita kwenye spika, nikasema "Naendesha, nitakupigia nikifika Gairo", nikakata. Nilipoegesha stendi nilimpigia, akaniambia vifaranga 40 wamejikunyata kona moja ya banda. Tulizungumza dakika 15 nikiwa na kalamu mkononi, nikamuuliza kuhusu taa, maji na matandiko, tukagundua kwamba taa ya joto iliungua usiku. Nina hakika kwamba nikiwa ninaendesha nisingemuuliza hata nusu ya maswali hayo. Ningemwambia tu anunue dawa.

Fundi, nina swali moja lililobaki. Kiyoyozi changu ni kibovu, kwa hiyo ninashusha kioo, na upepo unaingia kwenye kipaza sauti hata neno moja halisikiki. Nifanyeje?

Fundi wa Redio

Hongera, dada. Kioo chako wewe kifunge, halafu shusha kidogo cha nyuma upande wa abiria. Hewa itapita lakini haitapiga moja kwa moja kwenye nguzo yako. Kisha mwombe fundi akivalishe kipaza sauti kofia ya sponji, ile nyeusi ndogo, na akigeuze kichwa chake kielekee mdomoni badala ya dirishani. Ukiona bado, kihamishiwe kwenye ukingo wa paa karibu na kioo cha kutazamia nyuma, waya wake mara nyingi unafika.